Rangi haizibi ufa: Funzo la viungo vya chuma vilivyochomelewa

Na MWANDISHI WETU

JIONI ya Machi 27, 1980, watu 212 walikuwa ndani ya Alexander L. Kielland, jukwaa la chuma lililokuwa likielea katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway. Jukwaa hilo lilitumiwa kama makao ya wafanyakazi wa visima vya mafuta. Wengi wao walikuwa wamemaliza zamu. Baadhi walikuwa wakila, wengine wakitazama sinema.

Upepo ulikuwa mkali na mawimbi yalikuwa makubwa, lakini hali hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa bahari ile. Ghafla kilisikika kishindo. Mguu mmoja kati ya mitano iliyolishikilia jukwaa ulikatika, jukwaa likainama, na katika muda wa dakika 20 hivi likapinduka. Watu 123 waliangamia.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulifuata njia ya ufa kutoka mahali ulipoishia hadi pale ulipoanzia. Ulianzia kwenye kiungo kidogo cha kuchomelea, chenye unene wa milimita 6 tu, kilichoshikilia kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kifaa chenyewe hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa. Hata hivyo, kilikuwa kimechomelewa kwenye upau mkuu, na ufa ulioanzia kwake ukauzunguka upau huo hadi ukakatika. Pau nyingine tano zikafuata moja baada ya nyingine.

Jambo lililowashtua wachunguzi zaidi lilikuwa rangi. Ndani ya ufa huo mlipatikana mabaki ya rangi. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo tangu jukwaa likiwa kiwandani nchini Ufaransa, kabla ya kuanza kutumika mwaka 1976. Mpaka rangi alipitisha brashi yake juu ya ufa ambao ungekuja kuua watu 123, na kazi ikaonekana imekamilika.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Walichosahau kutuonya ni kwamba rangi huuficha ufa, wala haiuzibi.

Kisa hiki ni cha zamani na cha mbali, lakini swali linalozuka humo ni letu pia. Nchi yetu inazidi kujengwa kwa chuma kilichochomelewa. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa takriban kilomita 450, ni vipande vya mabomba vilivyounganishwa kwa kuchomelea. Feri za Likoni ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Mabodi ya mabasi na matatu, matrela ya malori, matangi ya gesi, mitambo ya mvuke katika viwanda vya majani chai na vivuko vya waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, vyote vinategemea kazi ya fundi aliyeinama na kinyago usoni, cheche zikiruka.

Je, ni nani hukagua kazi hiyo kabla haijafunikwa kwa rangi?

Ili kulijibu swali hili, sharti kwanza tuelewe kwa nini ufa katika kiungo cha kuchomelea ni hatari kuliko ufa mahali pengine popote.

Wahandisi hutofautisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: nguvu na ukakamavu. Nguvu ni mzigo ambao chuma kizima kinaweza kuubeba kabla ya kupinda au kukatika. Ukakamavu ni uwezo wa chuma ambacho tayari kina ufa kuuzuia ufa huo usiendelee. Chuma chaweza kuwa na nguvu nyingi lakini kikakosa ukakamavu, mithili ya kioo, ambacho hubeba mzigo vizuri hadi siku kinapopata mkwaruzo.

Yeyote aliyewahi kununua kitambaa dukani ameliona jambo hili. Muuzaji akijaribu kukirarua kwa mikono mitupu, atatoka jasho. Lakini akikata ukingo kidogo kwa mkasi, hukirarua kwa mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyuzi hazikupoteza nguvu yake. Kilichobadilika ni kwamba nguvu yote ya mikono sasa inakutana mahali pamoja, kwenye ncha ya mkato.

Chuma nacho hutenda vivyo hivyo. Mwingereza A. A. Griffith alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1921 baada ya kufanya majaribio na kioo. Katika miaka ya 1950, Mmarekani George Irwin aliipeleka hesabu hiyo kwenye vyuma, na tangu hapo wahandisi wana njia ya kukadiria ni ufa wa urefu gani utakaokivunja chuma fulani chini ya mzigo fulani.

Hesabu hiyo ina funzo moja ambalo kila msimamizi wa ujenzi angefaa kulikariri. Ufa ukirefuka mara nne, mzigo unaotosha kukivunja chuma hupungua kwa nusu. Vilevile, ukakamavu wa chuma ukipungua kwa nusu, urefu wa ufa kinaoweza kuustahimili chini ya mzigo uleule hupungua hadi robo. Chuma kilichoweza kuvumilia ufa wa milimita 20 sasa kitavunjika ukifika milimita 5.

Hapo ndipo kuchomelea kunapoingia. Fundi anapowasha moto wa umeme, huyeyusha chuma katika eneo dogo, nacho huganda tena kwa muda mfupi. Ukanda ulio kando ya hapo hauyeyuki, lakini hupata moto mkali na kupoa kwa ghafla, kwa kuwa chuma baridi kinachouzunguka hufyonza joto lake. Mhunzi wa jadi anaijua siri hiyo: kisu chenye moto kikizamishwa majini hugeuka kigumu, na pia huwa chepesi kuvunjika. Kwa aina fulani za chuma, ukanda huo mwembamba kando ya kiungo hupoteza sehemu kubwa ya ukakamavu wake.

Isitoshe, chuma kinachopoa hujikunja. Kwa kuwa kimeshikwa na mabamba yaliyo kila upande, hakiwezi kujikunja kwa uhuru, hivyo hubaki kimevutika. Kiungo kinaweza kuwa na mkazo mkubwa ndani yake hata kabla ya gari kupakiwa gunia la kwanza.

Tatu, ni hapo hapo penye kiungo ambapo kasoro huzaliwa. Takataka za rodi hunaswa ndani, mapovu ya hewa huganda, moto hukosa kufika chini kabisa, au mfereji mdogo hubaki ukingoni. Kila moja ya kasoro hizi ni mwanzo wa ufa.

Kwa hivyo mambo matatu mabaya hukutana mahali pamoja: ufa, chuma kilichopungukiwa ukakamavu, na mkazo uliokwisha kuwapo. Ndiyo maana kiungo kinachoonekana kinene na imara kinaweza kuwa sehemu dhaifu kuliko zote.

Kuna adui mwingine ambaye mafundi wetu hukutana naye kila msimu wa mvua, nao ni unyevu. Rodi za kuchomelea zikiachwa wazi, ganda lake hufyonza maji kutoka hewani. Moto wa umeme huyapasua maji hayo, na haidrojeni inayotokea huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kikishapoa, haidrojeni hiyo hujikusanya polepole kwenye ukanda mgumu na kuupasua kutoka ndani.

Hatari ya ufa wa namna hii ni kwamba haujitokezi papo hapo. Unaweza kuzuka saa kadhaa baadaye, au hata baada ya siku mbili. Mkaguzi anayekitazama kiungo punde tu fundi anapozima mashine anaweza kukipitisha kwa nia njema, kisha ufa ukazaliwa usiku wake. Hii ndiyo sababu kanuni nyingi za kazi kubwa hutaka muda upite kabla ya ukaguzi wa mwisho.

Wapo watakaosema kwamba haya ni masaibu ya nchi za baridi. Hoja yao ina msingi fulani katika historia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani iliunda meli kwa kuchomelea badala ya kupigilia ribiti, ili ziundwe kwa haraka. Mnamo Januari 16, 1943, meli ya mafuta ya Schenectady, iliyokuwa ndiyo kwanza imemaliza majaribio, ilipasuka katikati ikiwa imetia nanga katika maji matulivu mjini Portland, jimbo la Oregon. Meli nyingine kadhaa zilipasuka vivyo hivyo, hasa katika bahari za baridi.

Mwanasayansi Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba chuma cha meli hizo kilipoteza ukakamavu kiliposhuka chini ya kiwango fulani cha joto. Kuchomelea nako kuliongeza tatizo kwa njia nyingine. Katika meli ya ribiti, ufa ulipofika ukingo wa bamba ulisimama. Katika meli iliyochomelewa, mabamba yote yamekuwa kitu kimoja, na ufa hupita kutoka bamba hadi bamba pasipo kizuizi.

Ni kweli kwamba Mombasa haigandi kwa barafu. Lakini anayejifariji kwa hilo amesahau kwamba jukwaa la Kielland halikuangushwa na baridi pekee. Ufa wake ulikua kwa sababu ya uchovu wa chuma: mawimbi yalilivuta na kulisukuma, na kila wimbi likaurefusha ufa kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho.

Uchovu wa aina hiyo haujui baridi wala joto. Basi linaloruka matuta na mashimo kila siku hupata mawimbi yake barabarani. Trela linalojazwa na kupakuliwa kila siku nalo ni vivyo hivyo. Aidha, ufa wa uchovu hauendi kwa mwendo mmoja. Hukua polepole kwa muda mrefu, kisha kadiri unavyorefuka ndivyo unavyoongeza kasi. Mwenye gari huweza kusema kwa ukweli kwamba limehudumu miaka kumi bila shida, na bado likavunjika juma lijalo.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka Marekani. Mnamo Mei 11, 2021, wakaguzi waliokuwa kwenye daraja la Hernando de Soto, linalovuka Mto Mississippi katika mji wa Memphis, waliona kwamba mhimili mkuu ulikuwa umepasuka. Mkaguzi mmoja alipiga simu ya dharura akitaka magari yaondolewe mara moja. Daraja lilifungwa, na magari hayakuanza kurejea hadi mwisho wa Julai mwaka huo.

Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1973. Uchunguzi ulibainisha kwamba chanzo kilikuwa ufa wa haidrojeni uliotokea kwenye kiungo wakati mhimili ulipokuwa ukichomelewa kiwandani. Kwa karibu nusu karne, mamilioni ya magari yalipita juu yake.

La kusikitisha ni kwamba picha zilizopigwa miaka ya nyuma, ikiwemo video ya ndege isiyo na rubani ya mwaka 2019, zilipochunguzwa upya ziliuonyesha ufa huo. Ulikuwapo, ulipigwa picha, lakini hakuna aliyeutambua. Mkaguzi mmoja aliachishwa kazi. Baadaye mwaka huo, serikali kuu iliyaagiza majimbo kuvipima viungo vya madaraja yaliyojengwa kwa chuma cha aina hiyo, bila kutegemea macho pekee.

Memphis hakufa mtu. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, haukubahatika hivyo. Asubuhi ya Oktoba 21, 1994, sehemu ya daraja la Seongsu iliporomoka na watu 32 wakafariki, wakiwemo wanafunzi waliokuwa ndani ya basi wakielekea shuleni. Daraja lilikuwa na umri wa miaka 15 tu. Uchunguzi uligundua uchomeleaji duni na utunzaji hafifu.

Visa hivi vitatu vina mshipa mmoja. Katika kila kisa, chuma kilikuwa na nguvu ya kutosha kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kukitazama kiungo kwa wakati ufaao na kwa njia ifaayo.

Njia hizo zipo, na nyingi si za gharama kubwa. Ipo rangi nyepesi ya kupenya, ambayo hupakwa, hufutwa, kisha hujitokeza tena pale penye ufa. Upo unga wa chuma ambao, kwa msaada wa sumaku, hujikusanya juu ya ufa. Yapo mawimbi ya sauti, yanayofanana na yale yatumiwayo hospitalini kumtazama mtoto tumboni, ambayo huona kasoro zilizo ndani. Ipo pia eksirei. Na ili kupima ukakamavu wenyewe, kipande cha kiungo hutiwa mkato mdogo na kugongwa kwa nyundo nzito inayobembea, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa Georges Charpy na kinachotumika tangu mwanzo wa karne ya 20.

Hapa nchini, kanuni hazikosekani. Kipo kiwango cha KS 372 kuhusu ujenzi wa mabodi ya magari ya abiria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya mvuke ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi, wakiwemo wa kuchomelea, na kuwapa vyeti.

Tatizo ni wakati na mahali pa kutazama. Basi likifika mbele ya mkaguzi likiwa limefunikwa kwa mabati, viti na rangi ya kumetameta, mifupa yake haionekani tena. Ukaguzi wa maana ni ule unaofanyika mifupa ikiwa wazi. Vivyo hivyo, ukaguzi wa kila mwaka hauna maana kubwa iwapo ufa unaweza kutoka ukubwa wa kuonekana hadi ukubwa wa kuua ndani ya miezi sita. Muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine sharti uwe mfupi kuliko safari hiyo ya ufa.

Itakuwa dhuluma kumtwika fundi wa jua kali lawama zote. Dirisha na lango la nyumba havihitaji eksirei, na kwa kazi hizo ustadi wake umeihudumia nchi kwa miongo mingi. Hatari huanza mazoea ya lango yanapohamishiwa kwenye chasisi ya lori, ndoano ya kunyanyulia mizigo au tangi la gesi. Hatari huanza pia mteja anapoitisha springi ya gari iliyovunjika ichomelewe ili arudi barabarani jioni hiyo. Springi huundwa kwa chuma chenye kaboni nyingi. Moto wa kuchomelea huugeuza ukanda wake kuwa kama kigae.

Mwenye gari naye anapaswa kukikumbuka kile kifaa cha milimita 6. Anayechomelea kishikio cha taa, ngazi au bampa la mapambo kwenye chasisi huenda akadhani ameongeza kitu kidogo kisichobeba mzigo. Ufa hauulizi iwapo kifaa kina kazi. Huanzia palipo na kasoro, kisha huingia kwenye upau unaobeba kila mtu.

Yapo mambo manne ambayo yanaweza kufanywa bila kusubiri bajeti kubwa. Kwanza, mabodi ya magari ya abiria yakaguliwe yakiwa mifupa, na cheti cha hatua hiyo kiandamane na gari. Pili, vyuo vya kiufundi vimfundishe mwanafunzi kukata na kuvunja kiungo chake mwenyewe ili aone kilicho ndani, maana kiungo kizuri kwa macho chaweza kuwa kitupu moyoni. Tatu, karakana zinazofanya kazi za usalama ziwe na sanduku lenye joto la kuwekea rodi, na mafundi wazoee kupasha moto chuma kinene kabla ya kukichomelea. Nne, kila atakayegundua ufa awe na mahali pa kuuripoti pasipo hofu ya kupoteza kibarua, na ripoti hiyo isomwe.

Jambo hili la nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halihusu chuma. Linahusu watu. Ufa huchelewesha kazi, hula faida na humuudhi mkubwa. Kumwita mpaka rangi ni rahisi zaidi.

Norway ilijifunza kwamba urahisi huo ni mkopo. Mwaka 2021, miaka 41 baada ya mkasa, Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alitoa ripoti iliyokosoa jinsi mamlaka zilivyosimamia na kushughulikia suala la Kielland. Manusura na jamaa za waliofariki walikuwa bado wanadai majibu.

Sisi tunayo nafasi ya kuuliza kabla ya msiba. Mwenye basi, mwenye kiwanda na afisa wa serikali wanapokabidhiwa chuma kinachong'aa, wasitosheke na mng'ao. Waulize ni nani alikitazama kiungo kabla ya rangi, alitumia nini kukitazama, na lini kitatazamwa tena. Iwapo hakuna mwenye jibu, basi kazi hiyo haijakamilika, hata kama rangi imekwisha kukauka.